Walungu: Ahadi ya uchaguzi inamfuata raia hata akikimbia kwake

Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, raia wa teritware ya Walungu walichagua kwa siku moja rais wa Jamhuri, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo la Kivu ya Kusini. Katika wiki za kampeni, wagombea walikuwa wamepita Mugogo, Nyangezi, Burhale, Kaziba na Kamanyola. Waligawa mipira yenye picha zao, vitenge na chumvi. Waliongea mengi, lakini mambo matatu hayakukosa kinywani mwa yeyote: kazi kwa vijana, dawa katika vituo vya afya, na polisi wa kulinda raia usiku.

Wengi waliosikiliza ahadi hizo hawako tena kwao. Kuna familia zilizohamia Bukavu kwa ndugu, kumi na watano ndani ya vyumba viwili. Kuna waliovuka mto Ruzizi mwezi wa pili 2025 wakiingia Burundi, pamoja na makumi ya maelfu ya Wakongo wengine. Kuna waliokimbia mapigano ya upande wa Kaziba na Nzibira, wakarudi, wakakimbia tena. Na wale waliotoa ahadi, wengi wao pia hawako. Wengine wako Kinshasa, wengine waliifuata serkali ya jimbo Uvira.

Ndiyo maana kuna neno linalorudi rudi katika mazungumzo, sokoni na ndani ya magari: «Vita ilifuta yote. Sasa utamuuliza nani?» Neno hilo linaeleweka kwa mtu aliyepoteza nyumba na mifugo. Lakini si la kweli, na anayefaidika nalo ni mdeni peke yake. Ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa sababu anayedai amehama nyumba. Isipokuwa ili kulidai, raia anapaswa kwanza kujua nani anadaiwa nini.

Wengi waliahidi kisicho chao

Shida ya kwanza ilianza kabla ya vita. Wagombea wengi waliahidi mambo ambayo kiti walichokuwa wakitafuta hakina uwezo wa kuyafanya, na wasikilizaji wengi hawakuwa na njia ya kutofautisha.

Mfano wa kwanza ni liwali wa jimbo. Raia hamchagui. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 198, inasema liwali na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muda wa miaka mitano. Ndivyo Jean-Jacques Purusi Sadiki alivyochaguliwa mwaka 2024, baada ya Théo Ngwabidje Kasi. Kwa hiyo liwali anapeleka mpango wake mbele ya Bunge la jimbo, si mbele ya soko la Mugogo. Anayeweza kumwita, kumuuliza na hata kumuondoa ni mbunge wa jimbo. Raia akitaka jibu la liwali, mlango wake ni mbunge aliyempa kura.

Mlango huo wenyewe hauna nguvu sana. Mwezi wa 12 mwaka 2021 Bunge la jimbo lilipiga kura dhidi ya serkali ya Ngwabidje, lakini yeye akaendelea kuongoza. Raia wengi walijifunza kutokana na mvutano ule kwamba ugomvi wa Bukavu unaamuliwa Kinshasa. Hata hivyo, mlango dhaifu ni afadhali kuliko ukuta.

Mfano wa pili ni pesa. Kipengele cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka katika jimbo yanabaki jimboni, yakikatwa palepale yanapopatikana. Tangu mwaka 2006, majimbo yamekuwa yakilalamika kwamba pesa zote zinapanda Kinshasa kwanza, halafu sehemu yake inashuka kwa kuchelewa, na haifiki kiasi hicho. Mgombea anayeahidi barabara, dawa na kazi bila kusema neno moja juu ya hiyo asilimia 40, anaahidi kwa mfuko wa mtu mwingine.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na kijiji. Walungu ina usultani miwili, Ngweshe na Kaziba. Kwa sheria, kila usultani ni utawala wenye bajeti yake, na ungepaswa kuwa na washauri waliochaguliwa na raia. Uchaguzi huo haujafanyika hata siku moja vijijini. Mwaka 2023 CENI iliandaa uchaguzi wa washauri katika komini za miji mikubwa ya majimbo tu. Mama anayelipa ushuru wa soko kila siku ya soko hana hata mtu mmoja aliyemchagua wa kumuuliza ushuru ule unakwenda wapi. Pengo hilo halikuletwa na vita.

Kazi: nani anakula kilicho chini ya udongo?

Rais Félix Tshisekedi, aliyetangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73 ya kura, alikwenda kwenye uchaguzi na ahadi sita kubwa. Kuongeza kazi ni mojawapo. Wabunge nao waliibeba ahadi hiyo vijijini, kila mmoja kwa lugha yake.

Kwa kijana wa Walungu, neno kazi lina maana chache. Kuna shamba la mihogo, maharagwe na ndizi, ambalo baba aliligawa kwa watoto wanane. Kuna moto ya kukodi. Kuna ualimu au uuguzi bila namba ya matricule, mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi, kwa kungojea Kinshasa. Na kuna dhahabu: njia ya Kamituga, Shabunda au Misisi. Watu hawajasahau tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, wakati mashimo ya Kamituga yalipoporomoka katika mvua na kuua makumi ya wachimbaji, wengi wao vijana.

Liwali Purusi aligusa jambo hilo mapema katika muhula wake. Mwezi wa 7 mwaka 2024 alisimamisha uchimbaji wa madini katika jimbo zima, akilalamika juu ya makampuni yanayochimba bila ruhusa halali. Mwishoni mwa mwaka huo alisema ameshangaa kuona Wachina 17, walioshitakiwa kuendesha machimbo haramu ya dhahabu, wameachiwa na kurudi kwao huku wakidaiwa dola milioni 10 za kodi na faini. Kisha mwezi wa kwanza 2025, hapa hapa upande wa Walungu, Wachina watatu walikamatwa ndani ya gari lenye vipande 12 vya dhahabu na dola 800,000 taslimu, vimefichwa chini ya viti. Mahakama ya Bukavu iliwahukumu kifungo cha miaka saba.

Gari moja tu, dola 800,000. Kila mtu anaweza kupiga hesabu ya vituo vya afya, ya mishahara ya walimu wasiolipwa, ya kilomita za barabara ya vumbi zilizokuwa zimelala chini ya viti vile. Ahadi ya kazi inapaswa kupimwa hapo. Kazi haizaliwi na hotuba. Inazaliwa pale mali ya mahali inapoacha kitu mahali hapo.

Na sheria ipo. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inagawa malipo ya migodi hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa usultani au sekta ambamo machimbo yako, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni yenye mgodi inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa hapo. Lakini mgawo huo unafanya kazi tu kwa kampuni iliyoandikwa na inayolipa. Kwa dhahabu inayopita usiku ndani ya gari, asilimia 15 ya sifuri ni sifuri.

Basi mbunge aliyeahidi kazi anaweza kuulizwa maswali mepesi kabisa. Aliwahi kuuliza makampuni yale ni akina nani? Aliwahi kuomba hesabu ya pesa zilizofika katika usultani? Aliwahi kusema neno kuhusu barieri za barabara ya kitaifa namba 2, zinazofanya gunia la muhogo lifike Bukavu likiwa limekwisha kulipa mara nyingi? Mambo hayo hayahitaji bilioni. Yanahitaji mtu asimame bungeni aongee.

Afya: bila malipo kwa karatasi

Katika ahadi zote tatu, afya ndiyo ambayo jimbo haliwezi kuikana. Katiba, katika kipengele cha 204, inaweka kupanga huduma za afya za msingi, usafi na kupambana na magonjwa ya kuambukiza mikononi mwa jimbo. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kampeni. Iko pale tangu mwaka 2006.

Walungu ina zone za afya kama Walungu, Mubumbano, Kaniola, Kaziba na Nyangezi. Hospitali nyingi zilijengwa na makanisa, na zinafanya kazi kwa mapatano na serkali. Anayeziendesha kila siku, kusema ukweli, ni mgonjwa mwenyewe. Pesa anayotoa ndiyo inayonunua dawa, sabuni na mafuta ya jenereta, na ndiyo inayomlisha muuguzi asiyepata mshahara wala prime. Kwa hiyo mgonjwa asiye na pesa anageuka kuwa tatizo. Kila mtu anajua habari ya mama aliyejifungua, akapona, akabaki wiki nzima hospitalini kwa sababu deni halijalipwa, huku bwana akitafuta mtu wa kununua mbuzi.

Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2023, miezi mitatu na nusu kabla ya uchaguzi, Rais Tshisekedi alizindua Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, kwa mama na kwa mtoto hadi siku 28. Wazo ni zuri, na si haki kulicheka. Lakini namna linavyofanya kazi inapaswa kueleweka. Mama halipi, hospitali inaandika gharama na kuzipeleka kwa mfuko wa serkali unaoitwa Mfuko wa Mshikamano wa Afya, mfuko ndio unalipa hospitali. Pesa ya mfuko ikichelewa miezi mitatu, hospitali inakosa dawa, na muuguzi anaanza kumwambia mama, kwa sauti ya chini, anunue gloves nje.

Njia hiyo imekwisha kuonekana katika masomo. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, shule ya msingi ni ya bure. Watoto waliingia kwa wingi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa yalijaa, na walimu wengi walibaki bila kulipwa au bila matricule. Kitu kinachotangazwa kuwa cha bure daima kina mtu anayekilipia. Kama si serkali, ni mwalimu, ni muuguzi, au ni mama yule yule kwa mlango wa nyuma.

Kisha kukaja mpox. Aina mpya ya ugonjwa huo ilitambuliwa kutoka Kamituga, upande wa pili wa barabara ile ile inayopita Walungu, kwa wagonjwa walioanza kuonekana mwezi wa 9 mwaka 2023. Wakati wagombea wakizunguka na magari yenye vipaza sauti, ugonjwa nao ulikuwa ukisafiri. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari ya dunia nzima. Ugonjwa ulioanzia kwenye mji wa machimbo wa Kivu ya Kusini ulitikisa dunia, lakini katika kampeni ya 2023 hakuna aliyeomba kura kwa kuahidi maji safi na sabuni katika vituo vya afya. Dawa inasikika vizuri kwenye jukwaa kuliko sabuni.

Tangu mwezi wa pili 2025 hali imekuwa ngumu zaidi. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Benki za Bukavu zilifunga milango, na muuguzi mwenye mshahara akajikuta anatafuta njia ya kuufuata mbali, akikatwa sehemu kila mahali unapopitia. Ghala la Shirika la Chakula Duniani, PAM, mjini Bukavu liliporwa, maelfu ya tani za chakula cha familia zilizokimbia zikaondoka kwa siku chache. Vituo vya Walungu vinaendelea kupokea wagonjwa wao, pamoja na wakimbizi wa ndani ambao hawana hata mbuzi wa kuuza. Hapo neno «bila malipo» linapaswa kuacha kuwa la kampeni na kuwa la dharura.

Polisi: ahadi iliyokuwa rahisi kuliko zote

Kuahidi usalama Walungu ni rahisi, kwa kuwa kila mtu anautaka. Wazee wa Kaniola hawajasahau usiku wa tarehe 26 mwezi wa 5 mwaka 2007, wakati watu wenye silaha walipoingia vijijini na kuua raia wasiopungua 17 kwa visu na mapanga, na kuteka wengine. Tangu wakati huo kila mgombea wa Ngweshe amekuwa na neno la usalama katika hotuba yake.

Lakini polisi ni wa taifa. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2011 ndiyo inayowapanga, na mishahara yao inatoka Kinshasa. Mwezi wa 3 mwaka 2025, kuongeza solde ya wanajeshi na polisi walio mstari wa mbele kuliamuliwa na Rais, si na liwali wala na mbunge. Mgombea wa bunge la jimbo aliyesema «nitawaletea polisi» alikuwa akiahidi watu asioweza kuwaamuru.

Hata hivyo, hakukosa la kuahidi. Katiba, kipengele cha 184, inasema polisi wako chini ya usimamizi wa wakubwa wa kiraia wa mahali. Na kuna baraza la usalama wa jirani, ambamo viongozi, polisi na raia wanakaa pamoja kuzungumzia hatari za mtaa wao. Mambo hayo yaliwahi kujaribiwa Bukavu katika mpango wa polisi wa jirani, kwa msaada wa Uingereza, na wakaaji wengi waliona kwamba polisi anayejulikana kwa jina ni tofauti na polisi anayeogopwa. Mgombea mkweli angeahidi hivi: «Sitaleta polisi 100, lakini nitahakikisha baraza hilo linakutana kila mwezi, na mama zetu wana viti ndani yake.» Ahadi ya namna hiyo ni ndogo, na inaweza kupimwa. Labda ndiyo sababu haikutolewa.

Kamanyola inaonyesha vizuri umbali kati ya hotuba na ulinzi. Tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 2024, MONUSCO ilikabidhi kambi yake ya Kamanyola kwa polisi wa taifa. Ilikuwa kambi ya kwanza kutolewa katika mpango wa kuondoka Kivu ya Kusini, na mwisho wa mwezi wa 6 MONUSCO ilikwisha kufunga kazi yake jimboni. Palikuwa na sherehe, bendera na maneno mazuri juu ya uhuru wa nchi. Raia waliuliza jambo moja: polisi hawa watakuwa na mafuta ya gari, redio za mawasiliano, na mshahara unaofika? Mwezi wa pili mwaka 2025, mwaka mmoja tu baadaye, vita iliwakuta Kamanyola raia wakifunga mizigo, kwa sababu hakuna kambi ya polisi inayoweza kuzuia jeshi. Kuna hatari ambayo polisi hawawezi kuizuia, na viongozi wanaoijua hawana haki ya kuificha chini ya neno usalama.

Na Bukavu? Tarehe 14 mwezi wa pili gereza la Kabare lilivunjwa na wafungwa wakatoka, na siku chache zilizofuata maduka yalivunjwa mchana. Tarehe 16, M23 walikuwa ndani ya mji. Kati ya serkali iliyoondoka na kundi lililoingia, raia waliishi siku zao bila polisi hata mmoja. Yeyote anayetaka kujua thamani ya polisi wa kawaida, yule wa kupanga foleni na kumkamata mwizi wa mbuzi, angewauliza wafanyabiashara wa Kadutu habari za siku hizo.

Vita haikuleta msamaha wa deni

Tangu hapo jimbo lina vichwa viwili. Serkali ya Liwali Purusi ilihamia Uvira, na AFC/M23 ikaweka liwali wake Bukavu. Kila upande unasema ndio wenye haki. Raia wa Walungu, aliye kati ya barieri za hawa na za wale, hawezi kuutatua ugomvi huo. Lakini kwa deni, anaweza kutumia kipimo kimoja kilicho wazi.

Aliyechaguliwa anadaiwa kwa kura aliyopewa. Mbunge wa taifa au wa jimbo hakuchaguliwa na mawe ya Walungu wala na miti yake. Alichaguliwa na watu. Watu wale wakiwa Bukavu, Uvira au katika kambi ya Burundi, bado ni wapiga kura wake, na kazi yake bado ni kuwatetea. Kiti chake hakikuhama pamoja na mstari wa vita. Mbunge anayesema «siwezi kufika kwenye eneo langu» anasema kweli. Lakini anaweza kuwafikia watu wa eneo hilo mahali walipo, na hiyo ndiyo kazi.

Asiyechaguliwa anadaiwa kwa kodi anayokusanya. Anayesimamisha gari barabarani, anayeweka tozo sokoni, anayetoa amri na kudai itiiwe, amejitwika pia wajibu wa anayetawala: hospitali isiguswe, muuguzi apite, raia asikamatwe bila sababu, mtoto asibebeshwe silaha. Kipimo hicho ni cha M23, na ni cha Wazalendo pia kila mahali wanapokamata njia. Hakuna bunduki inayokuja na ruhusa ya kupokea bila kutoa.

Wengine watasema huu si wakati wa kudai, kwamba raia anayedai ataonekana mtu wa upande fulani. Woga huo una msingi, na hakuna anayeweza kumwamuru mtu ajiweke hatarini. Lakini kuandika ahadi katika daftari si siasa ya upande wowote. Kuuliza dawa ya malaria iko wapi si uasi wala si usaliti.

Hatari ya mwaka 2028

Kuna sababu nyingine ya kutonyamaza. Mwaka 2023, wakaaji wa Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, hawakupiga kura kama wengine, kwa sababu ya vita. Mamia ya maelfu walikuwa katika kambi pembeni ya Goma, kilomita chache kutoka kwenye vituo vya wengine, na nchi ilichagua bila wao. Hawakufukuzwa kwa sheria yoyote. Waliachwa tu nje ya orodha.

Uchaguzi unaofuata unangojewa mwisho wa mwaka 2028. Kama vita haitakwisha, au kama itakwisha bila watu kurudi, Walungu inaweza kuwa Masisi ya mara ijayo. Familia iliyoko Cibitoke au Rutana, iliyopoteza kadi ya mpiga kura katika moto au njiani, haitahesabiwa na mtu yeyote ikiwa haikudai kuhesabiwa. Na mgombea hatoi ahadi kwa mtu asiye kwenye orodha. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unasema waliokimbia ndani ya nchi yao wanabaki na haki zao za uraia, pamoja na kupiga kura. Ni juu ya wabunge wa Kivu ya Kusini kulisema hilo mapema, kabla kalenda ya uchaguzi haijatolewa, kwa kuwa baada ya hapo CENI itajibu kwamba muda umekwisha.

Yanayowezekana sasa

Klabu za wasikilizaji, makanisa, mashirika ya raia na kamati za wakimbizi wanaweza kuanza na daftari moja. Ukurasa wa kwanza: ahadi gani ilitolewa, na nani, mahali gani. Wa pili: je, kiti chake kina uwezo huo, au ni cha Kinshasa, cha jimbo, cha usultani? Wa tatu: alifanya nini kati ya uchaguzi na vita? Wa nne: anaweza kufanya nini sasa, kwa hali hii, bila kungoja amani? Jina la mtoa habari si lazima liandikwe.

Mbunge atakayekuja kuwaona watu wake Bujumbura, Uvira au Kinshasa akute daftari hilo mezani. Aulizwe kwa heshima, kama mtoto wa nyumbani anavyoulizwa na wazee: ile hesabu ya asilimia 40 umeidai? Wale wauguzi wa Kaniola na Mubumbano umewasemea? Majina ya watu wako waliokimbia umeyapeleka kwa CENI? Kama hana jibu, aandikiwe hivyo hivyo: hana jibu, na tarehe.

Kampeni ya 2028 italeta tena mipira, vitenge na chumvi. Mwenye njaa atapokea, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kabla mgombea hajapanda jukwaani kuahidi tena kazi, dawa na polisi, itafaa asomewe kwanza ukurasa wake.